Kamba ya Vibendera

Emőke Szalontai amekuwa bingwa wa kuogelea mitindo minne Hungaria mara saba, na mimi, Ildikó, ndiye niliyemfundisha tangu ana miaka tisa. Sasa ana thelathini. Mbio za asubuhi ile, kwenye bwawa letu karibu na mto Tisza, zilikuwa nafasi yake ya mwisho ya kwenda Olimpiki.

Kwenye mtindo wa kipepeo aliongoza, kwenye ule wa chali akazidi kuwaacha. Anayeogelea chali haoni ukuta. Anaona kamba ya vibendera juu yake, mita tano kabla ya ukuta. Emőke akiipita hupiga mikono minne, anageuka huku akigusa, kwani sheria inataka ukuta uguswe mtu akiwa bado chali. Wenzake huchungulia, yeye, miaka yote hiyo, hachungulii. Siku ile alipiga minne, akageuka, ukuta haupo. Akaufikia akiwa kifudifudi, na mwamuzi akainua mkono: kosa. Alimaliza wa kwanza, wakamfuta.

"Shangazi, kamba haiko mahali pake," aliniambia, kama anavyoniita tangu utotoni, maji yakimtiririka. "Mimi sijasahau kuhesabu."

Tulikwenda kwa mkuu wa mashindano, Gergely Bárdos. Mlango umefungwa, mzee anakula supu ya samaki na wageni wa Budapest! Nilibisha hadi vidole vikaniuma. Hatimaye akatoka, masharubu mekundu kwa paprika, ile pilipili ya supuni.

"We Ildi, huna subira?"

"Imeniishia hapo mlangoni pako. Lete futi tupime kamba."

Tukapima. Mita sita! Jana yake walikuwa wameisogeza ili isizibe bango la wafadhili.

"Wenzake wamepita chini ya kamba hiyohiyo," akasema. "Mbona hawakulalamika?"

"Wenzake walichungulia! Unamwadhibu kwa kuwa anajua kazi yake?"

Akatazama saa. "Rufaa ni ndani ya nusu saa, dada. Zimepita dakika thelathini na nne."

Mnyonge hana haki, husema watu. Huyu si mnyonge, ni bingwa, na bado!

Kisha, bila haya, Bárdos akawaita mafundi waisogeze kamba hadi mita tano, kwa ajili ya mbio za mchana. Emőke akasimama na taulo mabegani, akiwatazama wanavyokaza fundo.

"Mjomba Gergely," akasema, "kama haikuwa na kosa, mnairudisha ya nini?"

Mzee akajifuta masharubu.

Aliyekwenda Olimpiki ni msichana ambaye Emőke alimwacha nyuma kwa sekunde nne.