Maji ya Rejeta

Jumatatu saa mbili asubuhi Bilali alimimina maji kwenye rejeta ya gari la Mzee Mwinshehe. Alitumia kopo la oili la lita moja lililooshwa, na maji yenyewe yalikuwa ya kijani, yale yanayouzwa kwenye madumu kwa jina la kulanti. Yaliingia makopo sita. Ijumaa yalikuwa sita, na Jumatano kabla ya hapo sita. Aliinama akatazama chini ya gari. Mchanga wa gereji ulikuwa mkavu.

Gari lilikuwa la michezo, jekundu, la milango miwili, lenye umri wa miaka thelathini na mitano. Taa zake za mbele ziliinuka zikiwashwa na kulala zikizimwa. Mzee Mwinshehe alilinunua alipostaafu, mwaka uleule alipojenga nyumba ya wageni Mlingotini, yenye bwawa la kuogelea na nyasi za kijani mwaka mzima. Alipenda gari kwanza, bwawa pili, nyasi tatu. Wageni walifuata baadaye.

Gari lilikuwa linachemsha. Halikuchemsha barabara kuu, wala kwenye foleni ya Tegeta jua la saa saba. Kila Bilali alipolipeleka kulijaribu, lilichemsha kwenye barabara ya vumbi inayoingia Mlingotini, karibu na kisima cha kijiji. Mshale wa joto ulikaa katikati mpaka pale, kisha ukapanda hadi kwenye nyekundu kwa mara moja.

Mafundi wawili wa kwanza walifanya wanachofanya mafundi wengi. Walitoa themostati wakaitupa, wakasema kitu hicho ni cha nchi za baridi. Bilali hakukubaliana nao. Themostati ni mlango, na ukiung'oa maji yanapita mbio kwenye rejeta bila kupata muda wa kupoa. Alipanda bodaboda hadi Bagamoyo, dukani kwa Fidahussein, kununua nyingine. Fidahussein alimtazama juu ya miwani.

"Wenzako wananiletea wanazozitoa," alisema. "Wewe peke yako unanunua ya kuweka."

Bilali alirudi dukani kununua mfuniko wa rejeta, akarudi kununua pampu ya maji, akarudi tena kwa sababu ya feni, maana aliamini kwamba barabara ile ya mashimo inalipunguzia gari mwendo na upepo hauingii vya kutosha. Alipofuata gasketi ya hedi, yaani kichwa cha injini, Fidahussein alimwambia amebakiza milango na viti tu, akimaliza atakuwa na gari la pili.

Hakuna kilichosaidia. Oili ilikuwa safi. Moshi wa ekzosi haukuwa mweupe. Alilaza maboksi chini ya gari jioni, asubuhi akayakuta makavu. Maji hayakuvuja, hayakuungua, hayakuingia kwenye oili. Yalikuwa hayapo.

Gereji yake ipo Kerege, kando ya barabara. Ni mabati manne juu ya nguzo na jina zuri, na jina ndilo lililomlisha. Watu waliokuwa wakipita waliliona gari jekundu limeachama boneti wiki ya tatu, na wateja wawili walioahidi kuja hawakuja. Bilali aliacha kukaa. Alikunywa chai amesimama, akaiacha nusu, akaenda kukaza nati aliyokwisha kuikaza. Mkewe, Zuhura, alimwambia anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alisema kweli.

Jumatatu hiyohiyo, saa nne, alifika dada yake Ashatu kutoka Mlingotini. Alikuwa amemzidi miaka kumi na alikuwa na goti bovu, kwa hiyo hakutoka nyumbani bila sababu. Alibeba chupa ndani ya mfuko.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Nipe kitu nikae."

Alikaa kwenye tairi. Bilali alijua habari za kwake. Mwaka jana Mzee Mwinshehe alichimba kisima kirefu ndani ya uzio wake na kufunga pampu inayonguruma tangu alfajiri hadi magharibi. Kisima cha kijiji kilikauka ndani ya siku tisa. Familia kumi na moja zilizokitegemea zilianza kuchota mbali, na kwa goti lile ilikuwa saa nzima kwenda na zaidi ya saa kurudi. Walipokwenda kulalamika, waliambiwa mzee ana kibali na kwamba maji ya chini hayana jina la mtu.

"Kisima kina maji," alisema Ashatu. "Kidogo. Ndoo isiyojaa." Akampa chupa. "Nilimpa mbuzi kwanza. Amekufa jana."

Maji ya kwenye chupa yalikuwa ya kijani.

"Wewe umeonja?"

"Nina wazimu? Nimenusa. Yananuka kama ovaroli lako, ndiyo maana nimekuja kwako."

Bilali alifungua koki ya chini ya rejeta na kumwaga maji kwenye karai. Aliweka chupa pembeni ya karai. Wote wawili walitazama. Ashatu akauliza gari linapoteza kiasi gani. Bilali akasema lita sita.

"Ndoo isiyojaa," alisema Ashatu, akalinyoosha goti.

Siku nzima Bilali aliosha mfumo wa maji wa lile gari. Aliuosha mara saba, kama chombo kilicholambwa na mbwa, na mara ya nane kwa wasiwasi. Kisha alijaza maji ya kunywa, akiyachuja kwa kanga ya Zuhura. Alijua kwamba maji matupu yataila injini kwa kutu. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amewagombeza wateja kwa jambo hilohilo.

Jumanne alimpeleka dada yake kisimani, akamwacha na simu na ndoo. Yeye alirudi hadi njia panda, akageuza gari, akapita tena taratibu. Mshale ulipanda. Alizima injini mbele kidogo, chini ya kivuli cha uzio wa Mzee Mwinshehe, na simu ikaita.

"Yameingia," alisema Ashatu.

"Kiasi gani?"

"Subiri nivute." Bilali alisubiri. "Sita. Ya moto, hayashikiki. Maulida anauliza kama unaweza kupita tena, amekwenda kuchukua majani ya chai."

Bilali alisema hawezi mpaka injini ipoe. Alitembea hadi kisimani. Mvuke ulikuwa unatoka taratibu, na wanawake wanne walikuwa wamesimama na vikombe. Maulida, jirani wa Ashatu, alitaka kujua kama kwenye lori yangekuwa mengi zaidi. Bilali alisema hajui, hajawahi kutengeneza lori la mzee.

Mzee Mwinshehe alikuja gereji Jumatano na gari lake jingine, jeupe, refu. Hakushuka. Alishusha kioo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Hedi imepasuka?"

"Hedi ni nzima. Maji yanakwenda kwenye kisima cha kijiji."

"Lita ngapi?"

"Sita. Kila unapopita."

Mzee Mwinshehe alimshukuru Mungu. Siku tatu hizo hakuwa na usingizi kwa kuiwaza hedi, maana hedi ya gari lile haipatikani tena hata kwa kuagiza.

Bilali alikuwa na maneno aliyoyaandaa tangu jana yake, na aliyasema yote akiwa amesimama jua kali, akihama kutoka mguu huu kwenda ule. Alisema mzee akitoa bomba nje ya uzio, bomba moja tu, anaamini gari litapona lenyewe bila spana. Alisema kumi na moja ni familia chache. Alisema dada yake ana goti. Alijisikia akilitaja goti mbele ya mtu aliyekaa kwenye kiti cha ngozi, na akatamani angeliacha.

"Bomba ni la kila siku," alisema Mzee Mwinshehe bila ukali. "Gari ni siku ninayotoka. Halafu, fundi, kwani hawapati? Si umesema wanapata?"

Bilali alikuwa amesema hivyo.

Mzee aliagiza afungiwe tangi la lita arobaini kwenye buti, lenye pampu ndogo ya kuijazia rejeta njiani. Kisha akakumbuka kitu. Yule fundi wa Bunju, mmoja wa wale wawili waliotoa themostati, alimwambia injini ya namna ile ijazwe kulanti wakati wote, na yuko tayari kulichukua gari hata leo. "Wewe unasemaje? Maji matupu hayana madhara?"

Bilali alifuta mikono kwa kitambaa. Aliifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Hayana neno, mzee," alisema. "Injini hii inapenda maji matupu."

"Basi fanya wewe."

Alilifunga tangi Alhamisi. Jioni alimpigia dada yake awaambie wenzake waje na kila chombo walicho nacho, ndoo, madumu, masufuria ya harusi, kwa sababu tangi lilikuwa la arobaini na huenda kisima kingevuta lote. Walikuja. Mzee Mwinshehe alipita, taa zake zikainuka kuwaona na kulala. Ziliingia lita sita. Wanawake walikaa na masufuria ya harusi mpaka giza, kisha wakagawana kwa kikombe.

Ijumaa, baada ya swala, msikitini Mlingotini ilitangazwa kwamba Mzee Mwinshehe anawasaidia majirani maji kila anaposafiri, na akaombewa dua. Bilali alikuwa amekuja kumwona dada yake na alikuwa safu ya pili. Aliitikia amin pamoja na wengine.

Gari halichemshi tena, na jina la Bilali limerudi. Watu wanaleta magari yanayochemsha kutoka Mapinga na Kiromo. Kabla ya kufungua boneti anauliza mwenyewe anakaa wapi na maji yake yanatoka wapi. Wengi wanajibu bila kushangaa. Wawili waliondoka na magari yao bila kujibu.

Kila mwezi anapolifanyia gari jekundu huduma, anachovya kidole kwenye rejeta, na kidole kinatoka na rangi ya udongo. Kutu imeanza. Amekisia injini itafika mwaka mmoja, labda na nusu. Hajamwambia Mzee Mwinshehe, na hajamwambia Ashatu. Anachuja maji kwa kanga, anafunga mfuniko, anasema liko safi.

Siku hizi anaujua mlio wake tangu likiwa mbali. Kila injini inayotoka upande wa Bagamoyo inamwinua kwenye benchi, hata za pikipiki. Jana Ashatu alimpigia saa tatu asubuhi.

"Mzee katoka?"

"Katoka na jeupe," alisema Bilali. "Limepita sasa hivi."

Nyuma ya Ashatu ilisikika pampu ya Mzee Mwinshehe, na maji yakirushwa juu ya nyasi.

"Basi kesho," alisema.

Bilali alikata simu. Chai ilikuwa mezani, bado ya moto. Aliiacha, akaenda kusimama kando ya barabara.