Siku za Baridi Ziwani Basotu

Mzungu ni mtu wa kushangaza. Bwana Wolta, fundi mkuu wa karakana kwenye shamba la ngano la serikali, alipewa nyumba ya matofali yenye bomba ndani, na bado alikuwa na nyumba nyingine ya bati, yenye magurudumu mawili, aliyoivuta nyuma ya Landrova kila alipojisikia. Aliiita karavani. Ndani mlikuwa na kitanda, jiko la gesi, meza ya kukunja na mapazia ya maua. Alisema kwamba wazazi wake huko Kanada, theluji ikianza kuanguka, hufunga mlango wao, huvuta nyumba kama hiyo mpaka Meksiko, huiegesha ufukweni na kuota jua mpaka baridi ya kwao iishe. Theodory, fundi wa matrekta aliyefanya kazi chini yake, alicheka sana aliposikia. Wazee wazima wanaikimbia baridi kana kwamba hawana kuni!

Julai ile hakuwa na cha kumchekesha. Mwezi Mei yeye na mkewe Kornelia walikuwa wamemzika mtoto wao wa kwanza, Angela, akiwa na wiki saba. Na kwa Wairaqw, nyumba ikipatwa na kifo, hasa cha mtoto anayenyonya, inaingia metimani: watu wanakaa mbali nayo mpaka wazee waseme siku zimetosha. Humpi mtu mkono, hunywi kwenye kikombe cha mwenzako, huingii kwenye nyumba yenye mjamzito. Ukikutana na mtu njiani, wewe ndiye unayepisha.

Kule kwao Gitting, mlimani, mambo hayo yanawezekana, maana kila mtu ana kijito chake. Kwenye laini za wafanyakazi, ambako nyumba kumi zinachota bomba moja, ni mateso matupu. Kornelia alisubiri wenzake wote wamalize, hata kama ni saa saba mchana na jua la utosini. Majirani waliozoea kumwazima chumvi walifunga milango walipomwona. Hata katekista Gervasi, aliyehubiri kila Jumapili kwamba hizo ni imani za giza, alizunguka nyuma ya choo ili asikutane naye. Serikali nayo haikuwa na likizo ya metimani, kwa hiyo Theodory aliendelea kufunga na kufungua matrekta. Mwenzake akitaka kumpa spana aliiweka chini, naye akaiokota.

Kornelia aliacha kula. Baadaye akaacha na kuongea. Zamani alimwita mumewe Baba Angela; tangu mazishi, akimwita kabisa, alimwita Theodory.

Bwana Wolta hakuelewa metimani, wala hakuna aliyejisumbua kumweleza. Ila siku alipomkuta Kornelia amekaa juu ya ndoo tupu akilia, alielewa machozi. Alikuwa anakwenda Arusha wiki mbili. "Chukueni karavani," alimwambia Theodory. "Mama apumzike kwenye maji." Jumamosi aliivuta mwenyewe mpaka Ziwa Basotu, akaiegesha kwenye mchanga, mbali na njia ya ng'ombe, akawaachia mtungi wa gesi na kilo mbili za sukari. Mwaka ule sukari ilikuwa habari ya kusimuliwa tu.

Jioni ya kwanza Theodory alitandika meza ile ya kukunja bila kubana komeo la chini. Kornelia alikaa, akaegemeza kiwiko, na meza ikaporomoka pamoja na chai yote. Theodory aliogopa kilio. Kornelia akamtazama, akaitazama chai inayotiririka kwenye kapeti la Mzungu, akacheka. Lilikuwa cheko dogo, lakini lilikuwa lake. Kama Bwana Wolta asingekuwa mkali kwa vitu vyake, Theodory angeiangusha meza ile kila siku.

Ziwani hapakuwa na mlango wa kufungwa mbele ya uso wao. Upepo wa Julai ulikata kama wembe, lakini mchana jua lilitoka, na Theodory alipotoka kazini saa kumi alimkuta mkewe amekaa kwenye ngazi ya karavani, amejifunika blanketi, miguu ndani ya mchanga, akihesabu viboko majini. Walivutana jioni nzima kama ni saba au tisa. Ng'ambo ya maji Wabarabaig walinywesha ng'ombe wao na kuinua fimbo kuwasalimu. Kornelia alianza kupika, na akipika akala.

Jumatatu ya wiki ya pili, Yoakimu, kaka yake Kornelia, alifika karakana kwa lori lililotoka Gitting. Alisimama hatua kumi kutoka alipo Theodory, kama inavyotakiwa.

"Poleni, shemeji."

"Tumeshapoa, shemeji. Habari za nyumbani?"

"Sio nzuri. Mama amezidiwa na kifua. Anamtaka Kornelia."

"Na metimani?"

"Mwenyewe amesema aje hivyohivyo. Wewe utatangulia mbele kuwaonya watu njiani."

"Na mke wako je?" Imakulata, mke wa Yoakimu, alikuwa na mimba ya miezi minane, na aliishi nyumba moja na huyo mama mkwe.

"Hilo niachie mimi. Wewe mlete tu."

"Nimesikia," alisema Theodory. Lakini hakusema lini.

Njia nzima, akikanyaga baiskeli kurudi ziwani, maneno yalikuwa mdomoni. Akamkuta Kornelia anafua mapazia ya maua na kuimba. Kuimba! Theodory akaegesha baiskeli, akayameza maneno. Alijiambia kwamba mama mkwe hukohoa kila baridi, na kila Agosti anainuka kulima. Alijiambia kwamba Imakulata akiharibikiwa, lawama zote zitamwangukia Kornelia, na hiyo itamuua. Jumamosi karavani inarudishwa. Jumamosi hiyo atamwambia, na watakwenda. Siku tano tu. Upendo ulikuwamo katika uamuzi huo, sikatai, lakini ulikuwa uoga.

Jumanne Kornelia alikaanga samaki aliyemnunua kwa mvuvi. Kwao mlimani samaki haliwi, wazee wanamwona kama nyoka, na wawili hao walionja huku wamefumba macho, halafu wakachekana mpaka wakashika mbavu. Jumatano alilitaja jina la Angela bila kulia. Alisema, "Vidole vyake vilikuwa vya mama yangu kabisa." Kisha akauliza, "Nyumbani wazima?"

"Wazima," alijibu Theodory.

Ijumaa kabla ya mchana dereva wa lori, Hermani, alipiga breki mbele ya karakana na kusema akiwa humohumo kwenye kebini. Mama yake Kornelia amefariki jana jioni. Wanazika leo.

Lori likampeleka Theodory ziwani. Kornelia hakupiga kelele alipoambiwa. Alikunja blanketi, akafunga gesi, akapanda nyuma ya lori juu ya magunia matupu. Waliposhuka Gitting Theodory alitangulia kwenye njia ya miguu akiita, "Pisheni, tuna metimani! Pisheni!" Watu walishuka shambani kuwapisha, na nyuma yake Kornelia alitembea amejitanda kanga usoni.

Kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Yoakimu alikuja mpaka kwenye uzio, macho mekundu, udongo mikononi. Hakumtazama Theodory.

"Tulikungoja, dada," alisema. "Jumatatu nilimwambia mume wako. Jumatatu hiyohiyo nikampeleka Imakulata kwao ili nyumba iwe wazi kwako. Mama alituambia tusogeze kitanda mlangoni aone njia. Siku nne alitazama njia. Kila anayepita anauliza, ni yeye?"

Kornelia alimgeukia mumewe. "Ni kweli?"

"Ulikuwa umeanza kucheka," alisema Theodory. "Nilitaka ucheke kidogo zaidi."

"Nilicheka," alisema Kornelia polepole, kama mtu anayesoma barua mbaya. "Jumanne nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mama yangu anauliza, ni yeye, na mimi nacheka samaki."

Theodory alilia hapohapo mbele ya watu. Hakuna aliyemwambia pole.

Yoakimu akafungua lango la uzio. Sasa nyumba yao nayo ilikuwa na kifo ndani, nayo imeingia metimani, na aliyekatazwa kuingia jana leo hakuwa na wa kumzuia. Kornelia alivuka ua, akainama mlangoni, akaingia. Kile kitanda kilikuwa bado hapohapo. Theodory alimfuata mpaka kizingitini, kwa kuwa msiba wa mke ni wa mume. Akamwona amekaa kitandani akitazama nje, akiitazama njia.

"Sogea," alisema Kornelia. "Unaniziba."

Theodory alisogea.