Glavu za Rosine

Rosine Ehninger alizaliwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili, na usichana wake wote alimjua mama yake kwa viganja. Alilijua kovu dogo chini ya kidevu, nywele laini za karibu na sikio, na mashavu yaliyoanza kubonyea tangu kifua kikuu kilipoingia nyumbani. Kwa hiyo daktari wa macho alipofika kutoka Stuttgart na sindano zake za kuondolea mtoto wa jicho, msichana hakuwaza mto Neckar wala milima.

"Nataka kumwona Mama kabla hajaniacha," alisema. Aliyasema hayo mbele ya Mama mwenyewe, maana katika nyumba ile hakuna aliyekuwa bado anajidanganya.

Baba yake alikuwa na lake. Profesa Ehninger alifundisha elimu ya mwili na hisi kwenye chuo cha mji ule, lakini ujanani aliwasikiliza wanafalsafa mpaka wakamkaa kichwani moja kwa moja. Aliamini kwamba macho hayatuletei dunia, yanatuletea madoa ya rangi tu. Akili, iliyozaliwa na maumbo yake tayari, ndiyo inayoyapanga madoa hayo yakawa meza, mti, mtu. Wenzake walimcheka. Walisema mtu hujifunza kuona kwa kushikashika vitu, kama mtoto mchanga. Sasa ushahidi ulikuwa mezani kwake, ukila mkate wake, na mtu wa namna ile akishapata ushahidi hashikiki.

Siku bandeji zilipofunguliwa, Bärbel mpishi aliagizwa alete glavu nene za sufu. Profesa alimvalisha binti yake kwa mkono wake, kisha akaamuru zishonwe kwenye gauni.

"Mpaka Jumamosi, siku nitakapokuonyesha chuoni, usiguse kitu," alisema. "Sitaki vidole viyanong'onezee macho."

"Na kula, Baba?"

"Bärbel atakulisha."

"Makubwa haya!" Bärbel alisema huku akitunga uzi. "Msichana mzima alishwe kama kifaranga! Haya, na akitaka kujikuna, nako tumwite mwanafalsafa?"

"Bärbel!"

"Nashona, Bwana Profesa, si unaniona nashona."

"Na Mama?" Rosine aliuliza.

"Mama hasa. Uso ni umbo gumu kuliko yote. Asikukaribie wala asiseme nawe mpaka Jumamosi."

Kutoka chumba cha pili Mama akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. "Mwache baba yako, mwanangu. Tangu harusi nasubiri na mimi niwe muhimu kwenye kazi yake. Jumamosi si mbali."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia binti yake.

Kuona kulimchosha Rosine. Dirisha lilimgandia jichoni, na hakujua pazia linaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Mikono ilimwasha kwa hamu ya kushika. Lakini alivumilia, kwa sababu Jumamosi angemwona Mama.

Jumamosi ukumbi wa chuo ulijaa pomoni. Mezani paliwekwa mpira wa mbao na mchemraba wa mbao.

"Upi ni mpira?" Profesa aliuliza.

Rosine aliona madoa mawili ya kahawia. Yalitofautiana, ndiyo, lakini hakuna lililomwambia jina lake. Akaelekeza glavu upande wa kushoto, basi tu.

Wanafunzi wakagonga madawati kwa konzi, kama wanavyofanya kumshangilia mwalimu wao, wakagonga mpaka vioo vikatetemeka. "Nimebahatisha," Rosine alisema. Nani angemsikia?

Profesa, kichwa kimeshavimba, akamgeuza kuelekea kwenye safu ya mbele walipoketi wake za maprofesa na wa wakubwa wengine wa mji. "Na sasa, mama yako ni yupi?"

Rosine alitazama. Aliwaza kwamba Mama lazima atakuwa ndiye anayeng'aa kuliko wote. Akamwonyesha mwanamke mwenye utepe wa manjano kwenye kofia.

Alikuwa mke wa mchungaji.

Hapakugongwa dawati. Ndipo kikohozi kilichozuiwa kwa leso muda wote ule kikapasuka mwishoni mwa safu, na Rosine akakijua papo hapo. Aligeuka. Mpaka macho yake yalipotulia, kilichokuwa Mama kilikuwa doa la kijivu likitolewa mlangoni.

Nyumbani alimwambia baba yake wazi. "Mpira nilibahatisha. Nivue hizi, niende kwake."

"Unachokiita kubahatisha ndivyo akili yenyewe inavyofanya kazi, bila wewe kujua," alijibu, na alikuwa anaamini kabisa, ndiyo balaa lenyewe. "Uso tutaurudia Jumamosi ijayo. Ukimgusa sasa, kila kitu kitakuwa kazi bure."

Baridi ya ukumbi ilikuwa imemmaliza mgonjwa. Rosine alimsikia kupitia ukutani akihangaika na pumzi. Alisimama mlangoni mara nyingi, na kila mara baba yake alimrudisha kwa upole, akisema bado kidogo tu. Alitii. Mabinti wa nyumba zile walifundishwa kutii kabla hawajafundishwa kutembea.

Alhamisi asubuhi Bärbel alikuwa akimlisha supu ya mkate kwa kijiko, pumzi za chumba cha pili zikakoma. Kijiko kikaanguka. Bärbel akachukua kisu cha jikoni, akakata nyuzi za glavu bila kumwomba mtu ruhusa.

Rosine aliingia, akafumba macho, akaweka viganja usoni. Kovu lilikuwepo, nywele za sikioni zilikuwepo. Ni Mama. Kisha akafumbua macho, na chini ya mikono yake alikuwepo mwanamke mweupe, mgeni, asiyefanana na mtu yeyote.

Profesa alikuwa amepiga magoti upande wa pili wa kitanda, analia kama mtoto. "Umemwona, Rosine?" aliuliza. "Niambie walau umemwona."

"Namwona, Baba. Simjui."

Akauchukua mkono wa baba yake, akauweka kwenye shavu la maiti.

"Mguse wewe," alisema. "Mimi alipokuwa na joto nilikatazwa."