Darasa Lililokataa Kusema Majina

Mwaka wa 1999 shule yetu ya msingi, karibu na Lurambi, ilipata kompyuta moja iliyounganishwa na intaneti kupitia simu ya ofisi. Kabla hatujaigusa, Mwalimu Dorothy alitufundisha sisi wa darasa la sita juma zima kuhusu hatari zake. Alisema huko kuna watu wasioonekana wanaojifanya wema, na wengine hujiita wakubwa. Tusimwambie mgeni jina, shule wala kwetu, hasa akiuliza kwa upole.

Jumatatu akaja mkaguzi wa shule, Bwana Kipngeno, mtu mnene mwenye tabasamu. Mwalimu Dorothy alikuwa ameenda kuchukua chaki, kwa hivyo mkaguzi aliingia peke yake. Akamwuliza Selpher wa dawati la mbele, kwa upole sana, anaitwa nani.

Selpher akasimama. "Siwezi kukuambia."

Mkaguzi akadhani ni haya, akaniuliza mimi. Nikamjibu kwamba hata mimi siwezi. Akauliza hii ni shule gani. Tukatazama dirishani, kwenye kibao kikubwa chenye jina la shule, tukanyamaza. Alipouliza mwalimu wetu ni nani, mwenzetu Were akaanza kulia, maana jibu lilikuwa limemjaa mdomoni.

Mkaguzi akaeleza kwamba yeye ni mkubwa kutoka ofisi ya elimu. Hapo ndipo alipojiharibia. Darasa zima likaingia chini ya madawati.

Mwalimu mkuu, Mzee Barnaba, aliposhuku kimya kile alikuja mbio, mkaguzi akamweleza, naye akaamuru tuseme majina mara moja. Selpher akachungulia.

"Samahani, Mwalimu. Tutajuaje kama ni wewe kweli?"

Mzee Barnaba alikuwa amemfundisha hata baba yake Selpher. Mkaguzi, ambaye sasa alikuwa na wasiwasi, akamwomba mzee kitambulisho. Kilikuwa ndani ya koti, na koti lilikuwa ofisini.

Mwalimu Dorothy aliporudi aliwakuta wakikaguana kwa macho. Akatwambia kwa sauti ndogo kwamba hawa tunaweza kuwaambia. Basi majina arobaini na mawili yakatoka kwa pamoja, na vijiji, na koo, na idadi ya ng'ombe wa kina Were.

Baadaye, wakinywa chai, mkaguzi alimwomba Mwalimu Dorothy aende kuwafundisha wenzake wa ofisi ya elimu. Alisema huko hakuna anayejua kunyamaza.