Chakula Alichokikataa Nyanchera

Nyanchera alikuwa shemasi wa kanisa moja karibu na Sironga, huko Nyamira, na watu walimjua kwa msimamo wake. Mdogo wake, Gesare, alipoacha kupika na kuuza pombe ya chang'aa, alichinja kuku, akasonga ugali wa wimbi, akamwalika dada yake. Nyanchera alifika, akasimama mlangoni.

"Batizwa kwanza," alisema. "Nyumba hii imenuka pombe miaka yote. Ukishaokoka nitakula."

Gesare alifunika sufuria tu. Mwezi huohuo alihamia Kisii mjini, akaanza kuuza mitumba katika soko la Daraja Mbili. Dada yake akimpigia simu, alijibu maneno mawili matatu, akakata.

Miaka ikapita. Sabato moja kanisani, Ochoki, mwalimu wa lesoni ya Biblia, alikuwa akifundisha habari za Zakayo, yule mtoza ushuru aliyepanda mti ili amwone Yesu.

"Tusisome kana kwamba yalitokea Nyamira," alisema. "Kwa Wayahudi, kula kwa mtu kulikuwa ni kumkubali awe wako. Ndiyo maana watu walinung'unika. Sasa niambieni, Yesu alijialika kwa Zakayo kabla hajaahidi kurudisha alichonyang'anya watu, au baada?"

"Kabla," darasa likajibu.

Hadithi hiyo Nyanchera alikuwa amewafundisha watoto mara nyingi, na kila mara aliharakisha afike pale Zakayo anapotubu.

Jumatatu alibeba ndizi hadi Daraja Mbili. Gesare alimpa kigoda, akaagiza aletewe soda.

"Gesare, siku ile nilikosea. Ningeingia. Ningekula."

"Yalipita, dada."

"Hayajapita. Nipeleke kwako leo, hata kama ni chai tupu."

Gesare alikung'uta sweta la mtoto, akalikunja polepole.

"Siku ile nilikuwa na woga," alisema. "Nilikuwa nimeacha kazi pekee niliyoijua. Nilitaka uniambie nimefanya vizuri, basi. Chakula chote niliwamwagia mbwa." Akaliweka sweta juu ya rundo. "Sina kinyongo na wewe. Lakini kukupikia tena, bado siwezi."

Mteja akauliza bei, Gesare akainuka. Nyanchera akabaki pale na soda yake, kama mgeni yeyote, akimsikiliza mdogo wake akicheka na watu asiowajua. Soko lilipoanza kufungwa aliaga, na Gesare akamsindikiza hadi barabarani.