Shati la Msumarini

Mimi si fundi. Sina hata cherehani. Kazi yangu ni kupikia watoto wa nasari hapa Sarang'ombe, Kibera, na ikifika saa tisa, sufuria zikishaoshwa, narudi Gatwekera naketi mlangoni na sindano. Nashona mifuko ya kwendea sokoni na vinguo vya watoto wachanga. Siuzi. Nashona kwa sababu mikono yangu haijui kutulia na, nikisema ukweli, kwa sababu napenda kusifiwa.

Kitambaa nakipata msumarini. Kila mtu kwenye ploti yetu anajua: ukiwa na shuka iliyochanika au gauni lisilokuingia tena, tia kwenye mfuko, tundika kwenye msumari ulio mlangoni pa Mama Billy, ndiye mimi, nenda zako. Sikuulizi, hunidai. Nikifika naufungua, nafua mara mbili kwa sabuni na maji moto, maana mtoto mchanga havishwi uchafu wa watu, kisha nakata.

Siku moja ya Machi nilikuta mfuko mweusi una shati la mwanamume, la samawati lenye mistari myeupe, limeachia kwapani. Kitambaa kizuri, kimelainika kwa kuvaliwa. Vifungo vyote vilikuwapo, kimoja kimeshonwa kwa uzi wa kijani na mtu asiyejua kushika sindano. Nikaucheka huo uzi. Nikafua, nikakata. Nilikuwa namshonea mjukuu wa jirani yangu Aluoch, na mjukuu mwenyewe hata hakuwa amezaliwa. Huku kwetu mtoto hashonewi nguo akiwa bado tumboni, ni kumtafutia balaa, na Mitchelle, binti ya Aluoch aliyeolewa Kawangware, alikuwa ameshapoteza mmoja. Nilijua hayo yote. Nikashona kishati kwa siri, nikakificha chini ya beseni.

Aluoch mwenyewe alikuwa amesafiri kwenda Ugenya. Mumewe, Osewe, alikuwa amezikwa mwezi mmoja kabla, na kulikuwa na mambo ya matanga ya kumalizia. Asubuhi ya safari alinitumia ujumbe wa sauti kwenye simu, dakika nne nzima. Mimi sauti za Aluoch huwa sisikilizi. Huanza na salamu za ukoo mzima, humaliza kwa maombi, na bando yangu inaishia humo. Nilimwandikia "Amen" nikaendelea na shughuli zangu.

Aliporudi hakutaka hata chai.

"Mama Billy, ile shati umemaliza?"

Nilielewa papo hapo: lile shati nililolikata lilikuwa la marehemu Osewe. Ningeinua lile beseni yakaisha. Lakini kumwonyesha shati kungekuwa kumwonyesha pia kwamba nimemshonea mtoto ambaye hajazaliwa. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu ya kweli ni kwamba niliona aibu, basi.

"Shati gani, Mama Mitchelle?"

"Si niliweka hapo kwa msumari! Na nikakutumia voice. Ukaniambia Amen."

"Mimi sikupata kitu hapo. Nilidhani umesahau kuiweka."

Akashika kiuno, akautazama msumari.

"Ni Wanzala," akasema. "Ni yeye hupita hapa na hilo gunia lake."

Wanzala huokota chupa za plastiki na kuziuza kwa kilo. Hajawahi kuchukua hata kijiko cha mtu. Kesho yake Aluoch alimsimamisha mbele ya ploti nzima akamwambia amwage gunia. Wanzala akamwaga. Chupa zikabingirika hadi mlangoni pangu. Mimi nilikuwa nimeketi pale pale na sindano yangu, na nilichofanya ni kusogeza miguu.

Baada ya hapo ndipo nilipoifungua ile sauti. Salamu, salamu, kisha: "Ni kwapa tu, Mama Billy, isiendelee kuraruka. Ndiyo alivaa mara ya mwisho, na ndiyo mimi hulala nayo. Lakini tafadhali usiifue. Usiifue, nyamera." Dada yangu, ndivyo alivyoniita kwa lugha yao. Kisha maombi, akiniombea mimi na mikono yangu.

Mitchelle alijifungua mwezi wa tano, mvulana, akapewa jina la babu yake. Nikapanga kurudisha mali ya watu bila kuonyesha uso. Ningempelekea Mitchelle kile kishati siku ambayo mamake yuko Kibera akiuza samaki, mtoto avae, na shati liwe limerudi kwa wenyewe. Nilijiona mwerevu sana. Nilikiweka chini kabisa ya mfuko nilioushona mwenyewe, juu yake kofia na soksi, nikashika njia ya Kawangware Jumamosi.

Aliyenifungulia mlango ni Aluoch.

"Mama Billy! Hata wewe umekuja kuona mzee wetu? Ingia, ingia."

Akanipokea mfuko, kama mgeni anavyopokelewa, akaketi kitandani kando ya Mitchelle na mtoto, akaanza kutoa kimoja kimoja. Kofia, akaisifu. Soksi, akazisifu. Sifa ambazo nimezipenda maisha yangu yote, siku hiyo ziliniunguza. Ningeweza kusema kabla hajafika chini. Muda nilikuwa nao wa kutosha.

Akatoa kishati. Kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye uzi wa kijani.

"Hii alishona yeye mwenyewe," akasema. "Nilimcheka."

Mitchelle akatutazama, mara mimi, mara mamake. "Mum, kwani ni nini?"

Nikapiga magoti kwenye simiti, nikasema yote: ile Amen niliyojibu bila kusikiliza, mkasi, beseni, chupa za Wanzala. Nililia, na hata kilio chenyewe nilikionea aibu, maana kilikuwa kinaomba huruma kwa mtu niliyemkosea.

Aluoch hakupiga kelele. Nilitamani apige.

"Wanzala nilimwaibisha bure," akasema polepole. "Tutaenda kwake mimi na wewe. Na wewe ndiye utaongea."

"Sawa, Mama Mitchelle."

Kisha akakiinua kishati kwa mikono miwili, akakibana puani, akafumba macho. Akavuta pumzi ndefu. Akavuta tena. Akakigeuza upande wa kwapa, pale nilipounga vizuri hata mshono hauonekani, akavuta mara ya tatu.

"Uliifua."

"Mara mbili."

Akaitikia kwa kichwa. Akamvika mtoto taratibu, akafunga vifungo vyote hadi kile cha uzi wa kijani, akainama kumnusa shingoni kama nyanya wanavyofanya. Alipoinua uso, aliniangalia kwa upole ambao sikuustahili.

"Inanukia vizuri," akasema. "Inanukia kama nyumba yako, Mama Billy."