Mdomo wa Shangazi na Klachi ya Mkwe

Usijifanye hukuona. Ulipita hapo getini asubuhi, ukaona miguu miwili ya mwanamke imechomoza chini ya gari, kiatu kimoja kimevuka, ukasema "poleni na kazi" huku umegeuza shingo upande wa pili kana kwamba kule kuna harusi. Kulikuwa na ukuta. Uliutazama ukuta mpaka ukaishia kwenye kona.

Miguu ile ni ya Shangazi, fundi cherehani, yuleyule aliyekushonea suruali ikakukaa vizuri kwa mara ya kwanza maishani mwako. Na gari ni Mkwe. Mtaa mzima unamwita hivyo tangu enzi za marehemu baba yake Shangazi, kwa sababu ukitaka kitu kwake lazima uombe kwa adabu, na bado anaweza kukukatalia mbele za watu. Ni gari la kale la kupanda milima, mabati matupu, taa zimetoka kama macho ya mtu aliyekalia sindano. Godoro lako la kwanza lilibebwa na Mkwe. Paa lako lilibebwa na Mkwe. Mkeo aliposhikwa na uchungu mvua ikimwagika, nani aliyevuka lile tope? Umesahau. Mtaa huu husahau haraka kuliko unavyokula. Shangazi hasahau.

Basi klachi ya Mkwe iliisha. Ukikanyaga mafuta, injini inanguruma nusura ipasue madirisha, gari lenyewe linajikongoja kama limelazimishwa, na nyuma inabaki harufu ya mtu aliyepiga pasi mkia wa paka. Kaka Mkubwa wa Shangazi, ambaye huuza kwanza na kuuliza baadaye, akamwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Hendeli ya kuwashia Mkwe kwa kuzungusha kwa mkono alishamuuzia bwana huyohuyo zamani. Betri nayo ikafuata.

Mama yao, mwenye nyumba na mwenye gari, akatoa hukumu. "Hauzwi mpaka ninyi wawili mkubaliane. Au ashindwe kupanda kile kilima cha getini mbele ya macho yangu. Jumamosi tutaona. Sasa niacheni nichambue maharage."

Jumamosi alfajiri Shangazi akaivamia kazi. Alimwona baba yake akiifanya na alikuwa anaikumbuka yote, mpaka matusi yake na mahali pa kuyatia. Viti vya Mkwe vikang'olewa na kuwekwa barazani, ambako Mama alikalia kile cha dereva akasema kinamfaa mgongo. Mabati ya sakafu yakatolewa. Giaboksi ikafungwa kamba, kamba ikapitishwa juu ya gogo lililolazwa toka dirisha hadi dirisha, na mwisho wa kamba akakabidhiwa Shemeji, mume wa mdogo wake Shangazi, kinyozi mwenye mikono laini na hofu ya kila kitu kisicho nywele.

Giaboksi ikavutwa juu, na sahani ya klachi ya zamani ilipotoka ilikuwa imelika, imebaki chuma kitupu. Mpya ikawekwa. Sasa, tundu la sahani lazima likae katikati barabara, la sivyo shafti ya giaboksi haiingii hata uibembeleze. Shangazi akalinyoosha kwa mpini wa mwiko.

"Mwiko wangu uko wapi?" Mama akauliza kutoka barazani.

"Uko kazini!"

Bolti za kufunga sahani zikakazwa, mwiko ukatoka, giaboksi ikaanza kurudi mahali pake, Shemeji akiishusha kutoka juu, ndani ya gari, Shangazi akiiongoza kwa chini, chali, mikono miwili imeikumbatia. Na hapo likafanyika kosa ambalo asingelifanya fundi wa magari hata mmoja. Mikono ilikuwa na kazi, kwa hiyo bolti za giaboksi Shangazi akazibana kwa midomo, zote, kama anavyobana pini akipima gauni.

Shafti ikaingia nusu. Getini, mtu akabisha.

"Dada!" Kaka Mkubwa akaita, ameinama kidogo tu ili asichafue suruali. "Bwana wa vyuma kafika mapema. Tuyamalize basi. Si umekubali auzwe?"

"Mmmm!" alisema Shangazi.

"Umesikia? Kasema mmm."

"Mmm ya kukubali au ya kukataa?" mnunuzi akauliza. Alikuja na mizani begani na alikuwa mtu wa utaratibu.

"Ya kukubali, ndugu yangu. Huyu akikataa kitu husikii mmm. Unasikia mpaka usingizini."

Shangazi akapiga teke bampa. Akapiga tena.

"Ona," Kaka akasema, "anashangilia kwa miguu."

Fikiria hali yake. Akizitema bolti, chini ya kidevu chake kuna beseni la oili chafu na mchanga, na bolti za umri ule huzipati tena popote. Akiiachia giaboksi, uzito wote unaning'inia kwenye shafti na sahani mpya inapinda. Na juu yake, kupitia tundu la sakafu, alikuwepo mtu anayeona kila kitu: midomo, bolti, macho yaliyotoka.

"Shemeji, wewe uko hapo juu," Kaka akasema. "Amekubali, hajakubali?"

Shemeji akatazama chini. Kisha akatazama mawingu kupitia dirisha. "Mimi nimeambiwa nishike kamba tu," akasema. "Mengine ya kifamilia simo."

Unamjua mtu huyu. Unamjua vizuri sana, kila asubuhi unamwosha uso.

Mnunuzi akaanza kuutoa mlango wa Mkwe apime. Ukalia kwiii. Hapo Mama akaweka chini ungo wa maharage.

"Nyie! Huyo ana pini mdomoni."

"Mama, tumemuuliza, hajakataa..." Kaka akaanza.

"Nimemzaa mimi, nimemfundisha cherehani mimi. Huyu kunyamaza ni mawili, ana pini mdomoni au amelala. Na mtu aliyelala hapigi bampa. Hebu nipisheni."

Akapiga magoti, akaingiza kiganja chini ya gari kama anavyomtemesha mtoto mchanga. "Tema, mwanangu." Bolti zikatoka moja moja, zinateleza kwa mate, na ya mwisho ilipotua, Shangazi akavuta pumzi.

"HAUZWIII!"

Jogoo wa jirani akaruka ukuta. Mnunuzi akaurudisha mlango mahali pake, akaufuta na kuufuta. Shemeji akaiachia kamba kwa woga, ila kwa ukelele uleule Shangazi alikuwa ameisukuma shafti ikaingia yote, giaboksi ikagota mahali pake kwa sauti tamu, ikawa Shemeji amefanya jambo la maana bila kukusudia.

Bolti zikakazwa. Sakafu ikarudi. Mama alikataa kabisa kukitoa kile kiti, kwa hiyo Shangazi akapanda kwa Mkwe na kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akakanyaga pedali. Ikaenda chini kwa ukaidi, ikarudi. Akatia gia, ikaingia kimya, haikukwaruza hata kidogo.

"Klachi ipo!" akasema.

"Kilima je?" Kaka akakunja mikono. "Huna betri. Huna hendeli. Kuna Shemeji na malengelenge yake ya kamba."

Mama akamtilia mnunuzi chai. "Kunywa, baba. Ukimaliza kikombe na Mkwe hajapanda, ondoka naye. Akipanda, ondoka na mizani yako."

Na hapo ndipo mambo yalipo sasa hivi. Chai ni ya moto, lakini bwana yule anaipuliza kwa bidii isiyo ya kawaida, na Kaka anamsaidia kupuliza. Shangazi yuko juu ya ndoo, gia ya pili imeingia, mguu umekanyaga klachi, anasubiri Mkwe ashike kasi pale penye tambarare aiachie, injini iwake, kilima kipandwe. Shemeji yuko nyuma upande wa kushoto, anasukuma, anatoa sauti tu.

Upande wa kulia hakuna mtu.

Wewe unarudi kutoka dukani, mkate kwapani, na shingo imeshaanza kugeuka. Acha ukuta! Ukuta hauna jipya. Weka mkate chini, ingia getini, mikono hapo kwenye bodi, sio kwenye taa, na usiseme pole na kazi.

Sukuma!